Hesabuni mikanda kwanza: barua ya wazi kuhusu abiria wa pikapu na watoto wao

Kwa watunga sheria za barabarani, wakuu wa polisi wa trafiki, wakaguzi wa magari, waagizaji na wauzaji wa pikapu, na waajiri wanaozimiliki.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa magari. Kazi hii hunipitisha ndani ya kebini nyingi za pikapu, na humo hukutana na mambo ambayo askari aliyesimama barabarani hayaoni. Mkanda umekunjwa na kusukumizwa chini ya kiti kwa sababu unasumbua. Kifungo chake kimejaa sarafu na makombo. Mwingine ulikatwa kwa kisu siku ya ajali na haukuwekwa mpya. Kuna pia ule ulimi wa chuma unaouzwa peke yake, bila mkanda, ambao kazi yake ni kuchomekwa kwenye kifungo ili mlio wa onyo unyamaze. Yaani kuna mtu aliyekaa chini akabuni kifaa cha kulidanganya gari kuwa dereva amefunga mkanda, na kinanunuliwa.

Ombi langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: pikapu itungiwe kanuni kwa jinsi ilivyo. Sheria nyingi za mikanda na viti vya watoto zinasomeka kana kwamba aliyeziandika alikuwa na gari dogo la milango minne mbele ya macho yake. Zinasema mtoto akae kiti cha nyuma. Katika pikapu ya kebini moja, nyuma ya kiti kuna ukuta wa chuma na kioo, na ng'ambo ya kioo kuna bodi ya mizigo. Mzazi anayetaka kuitii sheria hiyo neno kwa neno ampeleke wapi mwanawe?

Jibu la wengi mnalijua, kwa hiyo nianze na bodi.

Bodi ya pikapu ni ya mizigo. Kuta zake fupi zimewekwa ili gunia lisiteleze likaanguka, wala hazikuwekwa kumzuia mtu aliyekalia ukingo wake. Abiria wa huko anaweza kufa bila gari kugonga kitu chochote: dereva amemkwepa mnyama, au amekata kona kwa kasi, au gurudumu limeingia kwenye shimo. Gari linapunguza mwendo, yeye hapunguzi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtu aliyerushwa anakwenda kugonga kilicho mbele yake kwa kasi ileile ambayo angekuwa nayo akianguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Kwa kilomita 80, ni sawa na kuanguka kutoka mita 25. Ni hesabu ya fizikia ya shule, na haibadiliki kwa sababu safari ni fupi au kwa sababu dereva ni mzoefu.

Wako wanaoamini kwamba kuifunika bodi kwa kibanda cha faiba au turubai kunaifanya iwe mahali pa kukaa watu. Kifuniko hakimfungi mtu mahali pake, na kinaleta hatari ya pili, kwa kuwa moshi wa ekzosi unaweza kuingia na kujikusanya humo. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 1992 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha taarifa ya watoto waliopata sumu hiyo wakiwa wamepanda nyuma ya pikapu, wengi wao chini ya vifuniko vya namna hii. Mzazi aliye mbele akigeuka kuchungulia kupitia kioo ataona mtoto amelala tu.

Kwa hiyo naomba marufuku isiyo na vichochoro. Baadhi ya sheria zinakataza watu kupanda bodi, kisha mstari unaofuata unawaruhusu wafanyakazi wa mashambani, au safari za mwendo mdogo, au siku za gwaride. Kila ruhusa ya namna hiyo ni mlango, na watu hupita mlangoni. Najua pia hoja inayokuja: watu wanapanda bodi kwa sababu usafiri mwingine haupo. Ni kweli. Ndiyo maana sioni faida ya kumshusha abiria njiani na kumwandikia faini huku gari likiachwa liendelee na desturi yake kesho. Anayeamua nani apande wapi ni mwenye gari. Ninyi waajiri mnaosafirisha watu kumi kwa pikapu yenye mikanda mitano mnajua hesabu hiyo kabla gari halijawashwa. Faini iende kwenu, na iwe kubwa kuliko gharama ya kukodi gari la pili.

Kanuni ninayoitaka ni nyepesi kuikagua: watu ndani ya pikapu wasizidi idadi ya mikanda inayofanya kazi. Mtoto naye ni mmojawapo wa hao, ana mkanda wake. Hapakatwi. Mtoto aliyepakatwa hawezi kushikiliwa na mikono ya mtu yeyote pale gari linapogonga, hata mama awe na nguvu kiasi gani, na akifungwa pamoja na mtu mzima katika mkanda mmoja, uzito wa mtu mzima ndio unaomkandamiza.

Sasa nije kwenye kebini moja, ambako mambo ni magumu kuliko sheria inavyokiri.

Mtoto mchanga anatakiwa kukaa kwenye kiti kinachotazama nyuma ya gari. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo bado ni laini, hivyo gari likigonga kwa mbele, kiti hicho kinamkinga kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja badala ya kukiacha kichwa kirushwe mbele. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka mtoto asigeuzwe kutazama mbele kabla ya miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika ushauri wao wa mwaka 2018, walikwenda mbele zaidi: abaki akitazama nyuma kwa muda wote ambao urefu na uzito wake bado uko ndani ya viwango vya kiti chenyewe.

Lakini kwenye kebini moja kiti pekee kilichopo kiko mbele ya mfuko wa hewa. Mfuko huo unafumuka kabla hata akili ya mtu haijatambua kwamba gari limegonga. Kwa mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali na dashibodi, ni msaada. Kwa mtoto anayetazama nyuma, mgongo wa kiti chake unakuwa karibu kabisa na mahali mfuko unapotokea, na pigo lote linaishia kichwani mwake. Katika miaka ya 1990 Marekani iliona watoto wakiuawa na mifuko ya hewa katika ajali za mwendo mdogo ambazo watu wazima walitoka wazima. Mwaka 1995 serikali ya huko ikawaruhusu watengenezaji kuweka swichi ya kuzima mfuko wa abiria katika magari yasiyo na kiti cha nyuma, pikapu zikiwa za kwanza kulengwa. Ulaya nayo, kwa agizo la mwaka 2003, ilikataza kumweka mtoto kwenye kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko ambao haujazimwa.

Swichi hiyo mara nyingi iko pembeni mwa dashibodi na huzungushwa kwa ufunguo. Taa ndogo huonyesha kama mfuko umezimwa. Ni kifaa kizuri kinachotegemea kumbukumbu ya binadamu: mtoto akipanda uzimwe, mtu mzima akipanda uwashwe. Tena pikapu ikishapita mikononi mwa wamiliki wawili watatu, hukosi kukuta taa imeungua, kibandiko cha onyo kimebanduliwa kwenye kizuia jua, na mwenye gari wa sasa hajui kama ana swichi au hana. Wauzaji, hilo ni lenu. Anayenunua pikapu ya kebini moja aonyeshwe swichi kwa mkono, na kama haipo aambiwe wazi kwamba gari hili halibebi mtoto wa kiti cha kutazama nyuma. Watunga sheria, liandikeni hilo kwa maneno hayohayo. Ni kali kwa familia yenye gari moja tu, lakini sheria inayonyamaza inamwachia mzazi abahatishe, na hapa kubahatisha kunaua.

Mtoto mkubwa kidogo, anayetazama mbele kwenye kiti chenye mikanda yake mwenyewe, anaweza kusafiri katika kebini moja ikiwa hakuna namna nyingine. Kiti cha abiria kirudishwe nyuma hadi mwisho, mfuko uzimwe kama swichi ipo, na kitabu cha gari kifuatwe. Ile nafasi ya katikati, kati ya dereva na abiria, ina shida yake. Katika pikapu nyingi za zamani ina mkanda wa nyonga tu, hauna wa bega. Kile kiti cha kumnyanyua mtoto, ambacho hakina mikanda yake na kinategemea mkanda wa gari, kisiwekwe hapo kamwe, kwa sababu mkanda wa nyonga peke yake unamwacha mtoto akunjike mbele, kichwa kikaishia kwenye dashibodi na mkanda ukazama tumboni. Askari akiona mtoto amekaa juu ya kiti hicho anaweza kuridhika na kupungia mkono gari lipite. Afundishwe kuangalia pia kama kuna mkanda unaopita begani.

Pikapu za kebini moja na nusu zina viti vidogo nyuma, vingine vya kukunjua, na katika magari mengi ya zamani vimetazama ubavuni. Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kiti kinachotazama ubavuni, basi. Hakuna cha kujadili hapo. Vile vinavyotazama mbele navyo huwa vifupi mno hivi kwamba sehemu kubwa ya kitako cha kiti cha mtoto inaning'inia hewani, au kiti cha dereva kinasogezwa mbele hadi kifua chake kinakaribia usukani. Dereva anatakiwa awe na nafasi ya sentimita 25 hivi kati ya kifua chake na usukani, kwa sababu hata yeye ana mfuko wa hewa mbele yake.

Kebini mbili ndiyo inayonunuliwa kama gari la familia, na hapo ndipo wengi hudhani matatizo yameisha. Kuna kitu kimoja ambacho nakuta kimekosewa mara nyingi kuliko kingine chochote: mkanda wa juu.

Kiti cha mtoto kinachotazama mbele huwa na mkanda unaotoka mgongoni kwake kwa juu, wenye ndoano, unaotakiwa kushikizwa kwenye gari nyuma ya kiti. Kazi yake ni kukizuia kiti kisiiname mbele gari linapogonga, na unapunguza umbali ambao kichwa cha mtoto kinarushwa kwa sentimita 10 hadi 15. Katika gari dogo, mahali pa kushikiza panaonekana kwa urahisi. Katika pikapu, kiti cha nyuma kimeegemea ukuta wa kebini, kwa hiyo kishikizo kimefichwa ukutani nyuma ya mgongo wa kiti, na kwenye magari mengine lazima uulaze mgongo huo mbele ndipo ukione. Kuna pikapu ambazo badala ya chuma zina vitanzi vya kitambaa juu ya kiti: mkanda unapitishwa kwenye kitanzi kilicho nyuma ya mtoto, kisha ndoano inashikizwa kwenye kitanzi cha nafasi ya jirani. Nani atabuni hivyo mwenyewe bila kusoma kitabu? Mzazi anatafuta, hapati, anashikiza kwenye ndoano ya mizigo au anauacha mkanda ukining'inia. Na sentimita hizo ni za thamani zaidi kwenye pikapu kuliko gari lingine, kwa kuwa nafasi kati ya uso wa mtoto na mgongo wa kiti cha mbele ni finyu.

Watengenezaji na waagizaji wangeweza kulimaliza jambo hili kwa kibandiko chenye mchoro juu ya kila nafasi ya nyuma. Hakihitaji teknolojia. Kwa magari yanayoingia nchini yakiwa yametumika, mkaguzi ahakikishe vishikizo bado vipo, kwa sababu huondolewa watu wanapobadilisha viti au kuweka spika nyuma ya kiti.

Vishikizo vya chini, vile vya ISOFIX, yaani vyuma vya gari ambavyo kiti cha mtoto hunasa bila kutumia mkanda, vimerahisisha kazi, lakini navyo vina kikomo cha uzito. Kwa mfumo wa Marekani, ambao ni wa lazima tangu mwaka 2002, mtoto pamoja na kiti chake wakizidi takriban kilo 29.5, kiti kinafungwa kwa mkanda wa gari. Kwa njia yoyote mliyotumia, kipimo cha mwisho ni kilekile: shika kiti pale mkanda unapopita, kitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5 kushoto, kulia au mbele, hakijafungwa.

Mtoto akishazidi kiti chenye mikanda yake, bado hajawa mtu mzima. Nchi za Ulaya zinaweka mpaka kwenye sentimita 150 na kuruhusu kushuka hadi 135. Marekani hushauriwa karibu 145. Umri haupimi chochote hapa, kwani watoto wawili wa darasa moja wanaweza kupishana kichwa kizima. Mkanda wa nyonga ulale juu ya mifupa ya nyonga na mapaja, usipande tumboni. Wa bega upite katikati ya kifua na juu ya mtulinga, usiguse shingo, na usipitishwe chini ya kwapa hata mtoto akilalamika. Migongo ya viti vya nyuma kwenye pikapu ina tabia ya kuwa wima, na vitako vyake ni vifupi. Mtoto hujisogeza mbele ili magoti yakunjike vizuri, na mkanda wa nyonga unapanda tumboni wenyewe. Hilo huliona tu mtu anayegeuka kuangalia katikati ya safari.

Watu wazima wanaokaa nyuma nao wasijidanganye. Mwaka 2023 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, ilipima pikapu ndogo za kebini mbili kwa kuzigongesha, ikiwa na sanamu ya abiria kiti cha nyuma, na hakuna hata moja iliyopata daraja la juu. Mikanda ya mbele imeendelea kuboreshwa, ina vikazo vinavyouvuta mkanda pale gari linapogonga na vilegezi vinavyopunguza nguvu yake kifuani. Ya nyuma kwenye pikapu nyingi imeachwa ilivyokuwa. Waagizaji, mnapochagua modeli ya kuleta, ulizeni mkanda wa nyuma una nini. Mkiuliza wengi, watengenezaji watasikia.

Kuhusu dereva sitasema mengi. Mkanda wa pointi tatu, ule unaopita nyongani na begani, uliundwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na jimbo la Victoria huko Australia liliulazimisha kwa sheria mwaka 1970. Shirika la Afya Duniani linasema unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa walio ndani ya gari hadi asilimia 50. Hata hivyo tafiti za barabarani nchini Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanaosafiri kwa pikapu hufunga mkanda kwa uchache kuliko wa magari madogo. Ukubwa wa gari unawapa imani. Lakini pikapu imeinuka, na gari lililoinuka hupinduka kwa urahisi zaidi. Likipinduka, asiyefunga mkanda anatupwa nje au anajigonga ndani, na katika kujigonga huko anaweza kumuua mtoto aliyefungwa vizuri kabisa. Vivyo hivyo jeki, sanduku la spana na mtungi wa gesi vilivyolazwa nyuma ya kiti. Mahali pa vitu hivyo ni kwenye bodi, vikiwa vimefungwa.

Nimalizie na ukaguzi wa magari, kwa kuwa ndilo jambo mnaloweza kulibadilisha haraka bila kusubiri bunge. Ukaguzi wa taa, breki na matairi haukosekani, ila mkanda mara nyingi hutazamwa wa dereva tu, na hutazamwa kwa macho. Mkaguzi akae kila kiti. Avute kila mkanda polepole hadi mwisho aone kama umechanika au kuchakaa kingo, kisha auvute kwa ghafla aone kama unashika. Afunge kila kifungo na kukifungua. Atafute vishikizo vya viti vya watoto kwa mkono. Azungushe swichi ya mfuko wa hewa na kuangalia taa yake. Akikuta ulimi usio na mkanda kwenye kifungo, auchukue na gari lisipite siku hiyo. Mkanda uliokuwa umefungwa wakati wa ajali kubwa ubadilishwe na si kushonwa, na cheti cha ukaguzi kiandike kwa tarakimu idadi ya mikanda mizima, ili askari wa barabarani asilazimike kubishana na mtu: anasoma namba, anahesabu vichwa.

Fomu hiyo niko tayari kusaidia kuiandika, na najua mafundi wenzangu ambao wangekuja bila malipo kuwaonyesha wakaguzi wenu vishikizo vilipojificha, modeli kwa modeli.

Wenu,
Fundi wa magari, dereva wa pikapu, na mzazi